Lori la Ndiritu na Baridi ya Timau

Mota ndogo ya umeme ikifanyishwa kazi kupita kiasi hutoa harufu yake ya pekee: vumbi lililoungua, waya uliopata moto, na kwa mbali kitu kitamu, kama sukari iliyosahaulika sufuriani. Mpaka leo nikiinusa harufu hiyo, hata ikitoka kwenye mashine ya jirani ya kusagia matunda, miguu yangu hutaka kukimbia. Si kukimbia kwa hofu. Ni kukimbia kwenda kuliinua lori. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mwaka ule nilipokuwa darasa la tano, na katika kazi zote nilizowahi kufanya tangu hapo, sijapata nyingine niliyoipenda kiasi kile.

Tuliishi Majengo, Nyeri, katika chumba cha kupanga kilichokuwa karibu na msikiti, hivi kwamba adhana ya alfajiri ndiyo iliyotuamsha kwenda shule ingawa sisi tulikuwa watu wa kanisa. Mama aliuza vitu vya mitumba. Tulikuwa wanne: yeye, Cucu, yaani bibi yetu mzaa baba, kaka yangu Ndiritu na mimi, Wangui. Baba alikuwa amefariki tukiwa wadogo. Kwa desturi ya kwetu, Ndiritu alipewa jina la babu yetu na mimi nikapewa la Cucu mwenyewe, kwa hiyo Cucu alimwita Ndiritu "mume wangu", naye akampakulia chakula kwanza kama mzee wa nyumba. Watoto wa mtaani waliposikia hivyo wakaanza kumwita Mzee. Jina likamganda kwa sababu nyingine pia: Ndiritu alitembea polepole. Daktari alikuwa amemweleza Mama kwamba moyo wake ulikuwa na mlango mmoja usiofunga vizuri, na kwamba asikimbie. Basi wenzake walipokimbizana, yeye aliketi juu ya jiwe akishika sweta zao. Nguo za mbio zote za Majengo zilipita mikononi mwake, mbio zenyewe hazikupita.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi lori tulilipata mvunguni kweli. Lilikuwa chini ya meza ya Mama, katika vitu vya watoto vilivyokosa mnunuzi: lori la rimoti lenye magurudumu manne makubwa ya meno, la kukimbia porini, lakini halikuwa na bodi na betri yake ilikuwa imekufa. Ndiritu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alilibeba kama mtu aliyeokota ndege. Betri nyingine aliipata kwa fundi wa simu aliyekuwa rafiki ya Mama. Bodi alikata kutoka kwenye mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia. Kisha akaanza kulisikiliza. Sijui neno jingine. Aliliendesha kichochoroni, akafumba macho, halafu akasema, "Giya ya mota ni kubwa mno, inachoka ikipanda," naye akaitafuta nyingine yenye meno machache, akaitia, na lori likapanda ngazi za duka kama mbuzi. Alibadilisha springi za nyuma, akazipa ulegevu kidogo ili magurudumu yashike ardhi. Zile shoki, vibomba vidogo vinavyomeza mishtuko, zilikuwa zimevuja mafuta yake yote, kwa hiyo alizifungua akazijaza mafuta ya kupikia yaleyale ya mtungi. Lori likaacha kurukaruka. Likatulia, likawa linapita juu ya mawe kama maji.

Jioni tulilipeleka kwenye uwanja wa udongo mwekundu chini ya mtaa. Yeye alikaa juu ya jiwe lake na rimoti, mimi nikakimbia sambamba na lori, kwa sababu lilipopinduka mtu alipaswa kuliinua upesi. "Wangui, kushoto! Liko miguu juu!" Na mimi nikaruka mtaro. Niliporudi nikihema, alikuwa akihema pia, macho yakimwaka, kana kwamba tumekimbia wote. Watoto walewale waliomwachia sweta wakaanza kuja kutazama, na kwa mara ya kwanza sweta zikawekwa chini.

Ilipokaribia likizo ya Agosti, shangazi yetu aliyeolewa Timau alituma habari. Mwanawe Mutwiri, aliyelingana na Ndiritu kwa umri, alikuwa na lori lake la rimoti, na yeye na rafiki zake walitengeneza njia ya mashindano katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Mutwiri alikuwa bingwa wa mbio shuleni kwao, mvulana mwenye miguu mirefu na maneno marefu zaidi. Kila Krismasi alimshinda Ndiritu kwa kila kitu bila hata kujaribu. Usiku ule Ndiritu hakulala, nasi tulilala kitanda kimoja, hivyo mimi pia sikulala. "Unataka kuwa wa kwanza?" nilimuuliza. "Hapana," akasema. "Sijawahi kumwacha mtu nyuma, Wangui. Hata mmoja. Nataka tu nigeuke nione mtu yuko nyuma yangu."

Kulikuwa na tatizo moja. Ndiritu aligundua kwamba asubuhi za baridi lori lilijikokota, na betri ikipashwa joto kidogo karibu na jiko lilichangamka. Timau iko juu zaidi, na asubuhi za Agosti huko hukata masikio. Alimweleza Cucu, ambaye hakuelewa mambo ya umeme ila alielewa baridi. "Kitu kisichopenda baridi hubebwa," akasema. Siku ya safari mume wa shangazi alikuja na pikapu kutuchukua, na Cucu akapanda akiwa ameifunga betri mgongoni kwa shuka na blanketi, vilevile alivyotubeba sisi. Tulipofika mama mmoja jirani ya shangazi akakimbilia kumpokea.

"Karibu, Cucu! Na umetuletea mtoto! Ni wa nani huyu?"

"Ni wa mume wangu," Cucu akajibu bila kucheka.

"Ati mume wako? Hebu nimuone uso basi."

"Usimfunue. Akipata baridi hatatembea."

Yule mama aliniangalia, akamwangalia Ndiritu, akaondoka akitikisa kichwa. Ndiritu alicheka mpaka ikabidi aketi.

Asubuhi ya mashindano kulikuwa na ukungu na majani yalikuwa na umande mweupe. Betri ilikuwa imelala na Cucu, yenye joto kama yai. Lakini lori lenyewe lilikuwa limelala stoo, juu ya sakafu ya saruji. Tuliliweka kwenye njia kulijaribu, likagonga bonge la kwanza la udongo, likaruka hewani na kuanguka chali. Nikaliinua. Likaruka tena, likaanguka tena. Ndiritu akalibonyeza kwa kiganja. Halikushuka. Lilikuwa gumu kama ubao. Alifungua shoki moja, akanionyesha: mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda ndani, meupe, kama yanavyoganda kwenye mtungi wakati wa baridi. Kila mtoto wa kwetu anayajua hayo. Tumetumwa mara ngapi kuuweka mtungi juani ndipo chapati ipikwe? Lakini lori letu lilikuwa limezoea kulala karibu na jiko la makaa la Mama, na hakuna aliyefikiri.

Mutwiri alikuja akiwa na rafiki yake Abdi, mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, mpole, mwenye lori jipya la bluu. Mutwiri akalizunguka letu. "Mzee, umekuja na gari ama umekuja kutupikia? Hii si ni mtungi?"

"Uangalie vizuri sasa," Ndiritu akasema bila kuinua kichwa. "Baadaye utaiona upande wa nyuma tu."

Abdi akacheka. Mutwiri hakucheka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo wasemavyo, ila koleo likivunjika mbele ya mpinzani wako uhunzi huonekana mbali sana. Ndipo Ndiritu akageuka. "Cucu, umebeba mafuta yako ya magoti?" Cucu hakwenda popote bila kichupa cha mafuta ya mbarika, aliyojipaka jioni. Alikitoa kifuani. Ndiritu akakiinamisha, akatazama. Mafuta yalikuwa mazito, yakatembea polepole, lakini yalitembea. Hayakuganda. Tulikaa nyuma ya stoo, akayatoa yaliyoganda kwa kijiti, mimi nikafuta kwa upindo wa gauni, akajaza mbarika shoki zote nne. Akalibonyeza lori. Likashuka polepole, likapanda polepole. Alinitazama tu, nami nikavua viatu.

Njia ilizunguka shamba kati ya marobota ya majani makavu ya ngano, yenye mashimo na matuta ya kila namna. Waendeshaji watatu walisimama juu ya mkokoteni, kila mmoja na mwinuaji wake uwanjani. Cucu alifungua shuka akatoa betri, aliyokuwa ameibeba tena baada ya majaribio, Ndiritu akaichomeka ikiwa bado na joto la mgongo wa Cucu, na shangazi akaangusha leso. Ee, mbio hizo! Lori la Abdi lilichomoka kama risasi. La Mutwiri likafuata, letu likawa la mwisho, lakini nilikuwa nikikimbia kando yake na niliona magurudumu yakishika ardhi, yakipanda tuta na kushuka bila kuruka, yakinusa njia. Mabua yalinichoma nyayo na sikuyasikia. Katika mzunguko wa pili la Mutwiri liliruka kwenye shimo, likapinduka, mwinuaji wake akaliinua, nasi tukawa mkiani mwake. Watu walipiga kelele. Niliisikia sauti ya Cucu juu ya zote: "Mume wangu! Twende, mume wangu!"

Katika mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya mbali kabisa, lori letu liligonga robota na kulala chali, magurudumu yakizunguka hewani. Nilikuwa nyuma yake kidogo. Nilikimbia kama ambavyo sijawahi kukimbia tena, nikaanguka, nikatambaa, nikalishika. Majani yalikuwa yamejisokota kwenye ekseli. Niliyang'oa kwa meno. Harufu ya mota ilinijaa puani. Nilipoliweka chini liliruka kutoka mikononi mwangu kabla sijaliachia, maana kule mkokotenini Ndiritu alikuwa ameshabonyeza. La Mutwiri lilikuwa limetangulia mbali. Lakini ubaridi ulikuwa umeanza kuidai betri yake, na kwenye sehemu ya mwisho iliyonyooka lori lake lilijikokota kama ng'ombe mgonjwa, na letu, lenye betri iliyobebwa, likaimba. Tukalikaribia. Tukalingana. Tukalipita karibu sana na mstari, kiasi kwamba bodi ya mtungi ilikwaruzana na gurudumu lake.

Abdi alikuwa wa kwanza, tena kwa mbali. Sisi tulikuwa wa pili. Cucu alipiga vigelegele vitano, kama vile vinavyopigwa kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, na yule mama jirani, aliyekuwa bado akimtafuta mtoto, akavipokea bila kujua ni vya nini. Ndiritu alikuwa ameshuka mkokotenini. Shati lake lilikuwa likicheza kifuani kwa jinsi moyo ulivyopiga. Shangazi alimketisha kwa hofu, akamuuliza kama anaumwa. "Siumwi," akasema, uso wote ukiwa meno. "Nimechoka. Nimechoka kama watu." Kisha akageuka polepole na kumtazama Mutwiri, aliyekuwa akipiga teke robota, akamtazama kwa muda mrefu, bila dharau, kama mtu anayetazama mandhari.

Aliishi miaka minne zaidi. Aliondoka wakati wa mvua ndefu, akiwa kidato cha tatu. Siku ya mazishi msemaji mmoja alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa bingwa wa mashindano ya magari ya rimoti Timau. Watu waliitikia kwa kichwa. Nilijua alisema kwa wema, nami nilinyamaza, kwa sababu mbele ya jeneza watu hawabishani. Ila hapa naandika ilivyokuwa: alikuwa wa pili. Hakutaka zaidi ya hapo, na sitaki kumwongezea kitu ambacho hakukiomba.

Sasa nina mwanangu, Kimani, wa umri aliokuwa nao Ndiritu wakati ule. Lori lake lilitoka kiwandani likiwa limekamilika, na mafuta ya shoki huja katika chupa zilizoandikwa namba za uzito. Betri yake ni nyembamba kama kipande cha sabuni na ina nguvu ya kutisha. Nikijaribu kuiweka ndani ya sweta langu tukielekea Nanyuki kwenye mashindano, huniambia, "Mama, wacha hiyo, watu wanaona." Mengi yamekuwa bora, na sitasema uongo kwamba ya kale yalikuwa matamu kuliko ya leo. Lori letu lilikuwa bovu. Lakini mwezi uliopita Kimani alishika nafasi ya pili, akarudi nyumbani akajitupa kitini na kufunika uso. Nikapanda juu ya kiti nikaliteremsha lori la mtungi kutoka juu ya kabati. Nikamwambia alibonyeze. Likashuka polepole, likapanda. Mbarika ya Cucu bado imo. Nikamsimulia yote.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na nyuma yake alikuwa nani?"

"Mjomba wako Mutwiri."

Hakuniamini. Mutwiri sasa ni mtu mzima mwenye kitambi na duka la mbegu. Kimani akachukua simu yangu akampigia palepale, akamuuliza. Sauti yake kubwa ikatoka kwenye simu, yenye hasira mpya kabisa, kana kwamba umande wa asubuhi ile haujakauka: "Ilikuwa betri! Mwambie mama yako ilikuwa baridi, ile betri!"

Kimani alicheka mpaka akajishika tumbo. Mimi nilikaa nikaliweka lori mapajani. Miaka yote hii imepita, na kaka yangu akigeuka, mtu bado yuko nyuma yake.