Nusu Gramu ya Mzee Ratili

Zamani mtu akinunua kilo ya sukari alisimama akautazama ulimi wa mizani mpaka utulie. Siku hizi anatupia jicho tarakimu nyekundu zinazowaka, analipa, anakwenda zake, kana kwamba betri haijawahi kusema uongo.

Mzee Ratili alikuwa fundi wa mizani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika, na hata mkaguzi wa serikali aliyekuja kila mwaka kupiga mhuri alimwita hivyo hivyo. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya soko, baina ya kinyozi na muuza misumari. Upana wake hatua nne. Ndani mlikuwa na meza moja ya mbao iliyotiwa vipande vya mkebe chini ya miguu hadi ikawa sawa kabisa, ukiweka gololi juu yake haibingiriki. Sahani za shaba na minyororo vilining'inia ukutani. Kabatini, ndani ya sanduku lenye kitambaa cha kijani, yalilala mawe yake ya kupimia, kuanzia kilo mbili mpaka nusu gramu, na hilo la mwisho lilikuwa jembamba kama ukucha wa mtoto. Hayakuguswa kwa mkono. Yalishikwa kwa kibano, kwa sababu jasho la vidole nalo lina uzito, na Mzee Ratili hakutaka kumuuzia mtu jasho lake.

Shule aliiacha darasa la nne. Hesabu alijifundisha kwenye kitabu kisicho na jalada, alichomnyang'anya kwa bei ndogo muuza karanga aliyekuwa akikichana kufungia bidhaa yake. Kurasa thelathini za mwanzo zilikwisha kuondoka na karanga, na za mwisho pia. Basi hesabu za Mzee Ratili zilianzia ukurasa wa thelathini na moja, zikakomea katikati ya sentensi. Kilichokuwa baina ya hapo alikijua kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani. Watoto wa leo wana vitabu vizima, wana mashine za kukokotoa mfukoni, ukiwauliza saba mara nane wanapapasa mfuko.

Mjukuu wake alikuwa wa aina nyingine. Mama yake, binti wa Mzee Ratili, alishona sare za shule na kutwa mguu wake haukutoka kwenye cherehani, kwa hiyo mtoto huyo wa kike alikulia chini ya ile meza ya mizani. Hajaanza shule bado, alikuwa akikodolea ulimi wa mizani bila kupepesa, na babu akitaka kusoma uzito humzuia. "Bado, babu. Bado. Haya, sasa." Ndipo akapata jina la Mkaguzi.

Alichojifunza kwanza ni kwamba kupima mara moja si kupima. Babu aliweka kitu sahani ya kushoto, akaandika. Kisha akakihamishia sahani ya kulia, akaandika tena. "Shahidi anahojiwa mara mbili," alisema. Majibu yakitofautiana, mkono mmoja wa mizani ni mrefu kuliko mwenzake. Hapo yeye alijumlisha majibu mawili, akagawa kwa mbili, akapata uzito wa kweli, kisha akaishika mizani kuitengeneza. Alifanya hivyo miaka arobaini, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Mkaguzi alipofika mwaka wa kuchagua masomo, karatasi ilikuja nyumbani. Mchepuo wa fizikia na hesabu za juu ulikuwa na nafasi kumi na mbili. Wengine wangekwenda lugha na biashara.

"Hesabu za juu za kazi gani?" mama yake aliuliza, pini zikiwa mdomoni. "Baba, wewe umehesabu maisha yako yote, na bati la chumba chako bado linavuja."

"Linavuja kwa kipimo," alisema Mzee Ratili. "Matone kumi na nane kwa dakika."

"Mimi sitanii. Akifeli huko juu, atarudi wapi?"

"Mama, nikifeli nitakuja kukupachikia vifungo," alisema Mkaguzi.

"Vifungo vyenyewe unavipachika upogo. Haya, leta kalamu nitie saini."

Lakini saini ya mzazi haikutosha. Waliotaka mchepuo ule walifanyiwa jaribio la maabara, na orodha ikabandikwa ubaoni Alhamisi. Siku hiyo Mkaguzi aliingia chumbani kwa babu yake akiwa bado na begi mgongoni, akaketi juu ya kreti. Mzee Ratili aliweka tupa chini.

"Sema."

"Wameniweka lugha na biashara. Jaribio nimepata sifuri."

"Sifuri? Hata aliyelala darasani hapati sifuri."

"Tulipewa kipande cha chuma tukipime. Kila mtu tuandike jibu moja tu. Kitabu kinasema chuma kikae kushoto, mawe kulia. Wote wameandika gramu mia nne. Mimi nikageuza."

"Ehe."

"Kushoto mia nne. Kulia mia nne arobaini na moja."

Mzee Ratili aliguna. "Hiyo si mizani, hiyo ni kilema. Ulimwambia mwalimu?"

"Nilimwambia. Akasema mizani ikiwa tupu ulimi unasimama katikati, kwa hiyo ni nzima."

"Tupu! Itasema uongo gani ikiwa tupu, nayo haijaulizwa kitu?" Alichukua penseli nyuma ya sikio, akaandika kwenye ubao wa meza. Mia nne, na mia nne arobaini na moja. Mia nane arobaini na moja. Nusu yake. "Wewe uliandika ngapi?"

"Mia nne na ishirini."

Penseli ilisimama. "Ni mia nne na ishirini na nusu. Nusu gramu umeipeleka wapi?"

"Sijaipeleka popote, babu. Haikuwepo."

"Haikuwepo vipi, nami naiona hapa? Nafanya kazi hii tangu mama yako hajazaliwa."

"Najua, babu." Alitazama vidole vyake. "Lakini haikuwepo."

Hakusema zaidi, kwa kuwa alilelewa, na mtoto aliyelelewa hambishii babu yake mpaka mwisho. Siku hizi wangetoa simu wamsomee.

Mzee Ratili alijua mambo mawili. Orodha ile ingefungwa kesho yake saa sita mchana, na ikishafungwa hakuna kurudi nyuma. Na yeye ndiye mtu pekee mjini mwenye mawe ambayo hakuna mwalimu angeweza kuyakataa, maana yalikuwa na mhuri. Tatizo lake lilikuwa ile nusu gramu. Akienda kupima, atathibitisha kwamba mwalimu amekosea, na papo hapo atathibitisha kwamba mtoto naye hakupata. Angeweza kuliacha jiwe la nusu gramu nyumbani. Asubuhi ya Ijumaa alilitazama muda mrefu kwenye kitambaa chake cha kijani. Kisha akafunga sanduku, nalo likiwa ndani. Hakupata kuficha jiwe maishani mwake, na hakuona kwa nini aanze na damu yake mwenyewe.

Walikwenda kwa miguu, yeye akibeba mizani yake ndogo kifuani kama mtu aliyebeba kitoto kichanga, Mkaguzi akibeba sanduku.

Mwalimu wa fizikia alikuwa kijana mwenye miwani na mikono iliyojaa chaki. Alimwamkia mzee kwa adabu, hilo lazima lisemwe.

"Shikamoo, mzee. Lakini orodha nimeshaipeleka kwa mkuu wa shule."

"Marahaba, mwalimu wangu. Umeipeleka, ila saa sita haijafika. Nipe dakika kumi na kile chuma."

"Mizani yetu ilitengenezwa mwaka jana tu."

Mzee Ratili aliinama akaitazama bila kuigusa. "Ilianguka?"

"Ilianguka, ndiyo. Ikachomelewa."

"Na aliyeichomelea anatengeneza pikipiki."

Mwalimu alicheka bila kutaka. "Umejuaje?"

"Kazi yake naiona. Pikipiki haijali tairi likikaa upande kwa unywele mmoja. Mizani inajali."

Akasimamisha mizani yake mezani, akaisawazisha, akasubiri upepo wa dirishani ukatike. Chuma kikakaa kushoto. Kwa kibano akaweka mawe ya mia mbili mbili, kisha la ishirini. Ulimi ukayumba huku na huku. Jiwe la nusu gramu tayari lilikuwa kwenye kibano, likingoja zamu yake.

"Bado," alisema Mkaguzi kwa sauti ndogo. Mwalimu naye alikuwa ameinama. "Bado, babu. Haya."

Ulimi ulisimama katikati.

Mzee Ratili hakuamini. Aliweka lile jiwe la nusu. Sahani ya mawe ikashuka. Akaliondoa, ulimi ukarudi katikati. Akageuza vyote, chuma kulia, mawe kushoto, akamhoji shahidi mara ya pili. Mia nne na ishirini. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Mia nne na ishirini," alisema mwalimu taratibu. "Darasa zima nimelipa alama kwa jibu la uongo."

"Ngoja kwanza, mwalimu. Nami nina langu la kusema." Sauti ya mzee ilikuwa kavu. "Mimi nilikuja hapa na mia nne na ishirini na nusu. Nilikuja kukwambia wewe umekosea gramu ishirini na mjukuu wangu amekosea nusu. Sasa wewe umekosea, na mimi nimekosea. Aliyepata humu ndani ni mmoja."

Mwalimu alimgeukia msichana. "Ulipataje? Mbona hukuonyesha njia?"

"Ulisema tuandike jibu tu, mwalimu."

"Basi onyesha sasa." Akampa chaki.

Mkaguzi hakuanza na chuma. Aliandika nne, akaandika tisa. "Babu, tuseme mizani mbovu kabisa. Kitu kimoja, upande huu kinasema nne, upande huu kinasema tisa. Kwa njia yako ni ngapi?"

"Sita na nusu."

"Sasa mkono mmoja uwe na urefu wa mbili, mwingine tatu. Kitu chenye uzito wa sita kikikaa kwenye mkono wa mbili, kinavuta mara mbili: kumi na mbili. Mawe yako kwenye mkono wa tatu. Mangapi yatavuta kumi na mbili?"

"Manne," alisema Mzee Ratili.

"Ukigeuza, sita kwa tatu ni kumi na nane. Mawe yako kwenye mkono wa mbili."

"Tisa." Alikaa kwenye stuli ya wanafunzi. "Kwa hiyo ni sita kamili. Si sita na nusu."

"Hujumlishi, babu. Unazidisha. Nne mara tisa, thelathini na sita, halafu unatafuta kipeuo cha pili."

"Kitabu changu kiliishia kabla ya hapo," alisema mzee.

"Kwa mizani za sokoni tofauti haionekani hata kwa punje ya mchele. Hii ya shule imepinda mno, ndiyo maana..."

"Usinibembeleze. Futa, andika tena. Polepole."

Akaandika tena, polepole, na safari hii kwa mia nne na mia nne arobaini na moja, hadi ishirini mara ishirini na moja, yaani mia nne na ishirini, ikatoka yenyewe kama maji bombani. Mzee Ratili alifuata kila mstari kwa kidole hewani. Moyo ulimwuma kidogo, asiseme mtu haukumwuma. Miaka arobaini! Lakini juu ya maumivu yale kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, na kilimpanda mpaka akashindwa kuziba meno. Alicheka peke yake mbele ya chupa za tindikali.

Mwalimu hakungoja amalize kucheka. Alitoka mbio kwenda ofisi ya mkuu wa shule, koti likipepea, na saa sita kasoro robo orodha ilirudi ubaoni ikiwa na jina la kumi na tatu, limeandikwa kwa wino chini ya yale yaliyopigwa chapa.

Nyumbani, binti yake alisikiliza yote mguu ukiwa juu ya cherehani. "Huko maabara si wanavaa makoti meupe?" alisema. "Hao wa dukani wanashona mabega kama ya magunia. Simama hapo nikupime."

"Mpime mara mbili," alisema Mzee Ratili.

Wateja walisikia habari ile mpaka wakaikariri. Aliyeleta mizani ya nyama alisikia habari ya nne na tisa kabla ya kuulizwa shida yake. "Nilikosolewa," alisema mzee, kifua mbele, kama mwingine anavyosema nimejenga.

Muhula wa mwisho wanafunzi wa mtihani walihamia bweni. Wiki ya mtihani wenyewe kifua cha Mzee Ratili kilimbana, akalazwa, na akakataza katakata Mkaguzi asiitwe. "Ana karatasi ya hesabu Jumanne," alimwambia binti yake. "Ukimtoa kule, mimi na wewe hatuzungumzi." Jumanne jioni alikata roho, karatasi ikiwa imekwisha kukusanywa.

Mara ya mwisho Mzee Ratili kumwona Mkaguzi ilikuwa wiki tatu kabla, alipompelekea koti lake jeupe lililofuliwa. Alipita ukumbi wa darasa la hesabu za juu, akasimama dirishani. Wanafunzi wengine walikwisha kwenda kula. Mkaguzi na yule mwalimu walikuwa ubaoni, wote wawili weupe kwa chaki hadi kwenye nyusi, wakibishana. Mwalimu aliandika alama ndefu iliyojikunja kama ndoana, msichana akaifuta kwa kiganja, akaandika nyingine. Mwalimu akashika kiuno. Akatikisa kichwa. Akaanza kukubali. Hakuna aliyegeuka dirishani.

Mlinzi wa shule alikuja akasimama kando yake. "Mzee, hao wanagombania nini?"

"Sijui," alisema Mzee Ratili, akalikumbatia lile koti, akicheka mpaka mabega yakatikisika. "Wallahi, sijui hata neno moja."