Mguu wa Klachi

Shemeji yangu Verlin Mabry alikuwa na sumaku ndogo aliyoivika kitambaa, na kwa sumaku hiyo aliwanyima watu wengi usingizi. Hapa kwetu Trenton, Michigan, theluji ikishakwisha, sisi wazee hukutana kila Jumamosi alasiri kwenye uwanja ulio nyuma ya duka la aiskrimu. Mwenye gari hulileta limeng'arishwa, hufungua boneti, hukunjua kiti chake pembeni na kukaa akisubiri kusifiwa. Ni magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini kuingia sabini, ya milango miwili, yenye injini kubwa kuliko akili ya mnunuzi. Verlin angefika, angeinama, angepitisha sumaku yake taratibu juu ya tao la gurudumu. Ikinasa, hapo ni chuma. Ikianguka, chini ya ile rangi nzuri kuna kutu iliyozibwa kwa pati, ule udongo wa mafundi wa bodi, na mwenye gari kwisha habari yake.

"Dwight," angesema bila kuinua kichwa, "bibi harusi wako ana meno ya bandia."

Watu wangecheka, na Dwight angemeza soda yake kama mtu anayemeza kwinini.

Kioja ni kwamba Verlin mwenyewe hakuwa na gari la namna hiyo. Alikuja na gari la familia la kijivu, lenye mlango wa kuteleza, akaliegesha mbali kidogo ili lisituaibishe. Chet Gorski, fundi bomba mstaafu mwenye gari la Road Runner la manjano, alikuwa hamwachi hata siku moja.

"Mchagua jembe si mkulima, Verlin."

"Na mnunua kutu si mwenye gari," Verlin angemjibu.

Alichokitaka kilijulikana mji mzima. Alitaka Chevelle ya mwaka 1969, injini ile kubwa ya inchi za ujazo mia tatu tisini na sita, gia nne za mkono. Na namba zilingane, yaani ile iliyogongwa kwenye injini iafikiane na ile ya bodi, ijulikane kwamba gari bado lina moyo liliotoka nao kiwandani. Alipokuwa na miaka kumi na sita jirani yao alileta moja nyumbani, jeusi, na Verlin akashinda kutwa nzima ameketi kwenye ngazi za nyumba akisubiri liwashwe tena. Baba yake, mtu wa Kentucky aliyekuja huku kufanya kazi ya kuyeyusha chuma, alimwambia kwamba gari lile ni jeneza lenye redio. Basi Verlin akaingia kiwanda cha kugonga bodi za magari, akamwoa dada yangu Ardith, wakapata watoto watatu, na ile hamu akaiweka akiba.

Alipostaafu, ni Ardith mwenyewe aliyemwambia.

"Baba Curtis, nenda kanunue hilo gari kabla hujanitia wazimu."

Miaka kumi ikapita katika kununua. Walikwenda Ohio, walikwenda Indiana, walikwenda mpaka kaskazini kabisa mwa Michigan. Dada yangu alifunga sandwichi za soseji ya bologna, akakaa ndani ya lile gari la kijivu akifuma, huku mumewe amelala chali chini ya gari la mtu na tochi mdomoni. La Ohio lilikuwa safi kabisa, ila vibano vya mipira ya maji havikuwa vya mwaka wake. La Indiana lilibadilishwa injini. Moja la hapa hapa jirani lilikuwa na kila kitu, lakini ni la otomatiki, na Verlin hakukubali hata kulisogelea.

"Otomatiki ni ya kina mama kwenda kanisani," alisema, na alisema mbele ya watu, kwa sauti, mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye hekima.

Mimi nilikuwa najiambia kwamba hataki kununua, anataka kutafuta. Lakini sikuwa na haki. Alitaka, tena alitaka mno. Aliogopa tu kwamba akichukua lenye kasoro, siku ya pili lile lenyewe litatokea.

Ngojangoja huumiza matumbo; kwa Verlin iliumiza goti. Majira ya kupukutika kwa majani alipanda ngazi kusafisha mifereji ya paa, akateleza. Hospitali wakamwekea goti la chuma upande wa kushoto. Goti lilipona, lakini daktari akamweleza wazi kwamba halitakunjika zaidi ya hapo, na asitarajie kusukuma kitu kizito kwa mguu huo. Watu wengine wangeuliza kama wataweza kupanda ngazi za kanisa. Verlin aliuliza kuhusu klachi. Daktari, kijana anayeendesha gari la umeme, alidhani ni utani.

Mguu wa kushoto ndio wa klachi, na klachi ya Chevelle ile si ya kubembelezwa. Mambo yakawa wazi kwa kila mtu uwanjani. Kama Verlin anataka kuendesha gari la ndoto yake kabla hatujamzika, achukue otomatiki, na achukue sasa.

"Binamu yangu kule Monroe anauza," Chet alisema msimu ulipofunguliwa. Safari hii hakuwa anatania. "Chevelle, sitini na tisa, ya bluu. Otomatiki. Injini si yake, nakwambia mapema usinitukane. Lakini inakwenda, Verlin. Unaingia, unakanyaga, unakwenda zako."

"Nitaangalia."

"Au tafuta ya gia za mkono, tukutilie giaboksi ya otomatiki."

Hapo Verlin alikunja kiti chake akaondoka. Kwake yeye Chet alikuwa ameshauri mtu akatwe mguu ili viatu vimwenee. Hawakusemeshana kwa muda.

Tulikwenda Monroe kweli, yeye, Ardith na mimi. Lile la bluu lilikuwa zuri. Aliliendesha mwenyewe mpaka mtoni na kurudi, kioo chini, na mimi nyuma nikamwona kwenye kioo cha kati akitabasamu kama mtoto. Aliposhuka akatoa sumaku.

"Wacha hiyo," Ardith alimwambia.

Hakuiacha. Ikaanguka mara mbili. Akamshukuru yule binamu, akamwambia atampigia simu.

Kabla hajapiga, likatokea la Saginaw. Mjane mmoja, Bi Eunice Vandermolen, alikuwa analo ghalani, gari la marehemu mumewe, kijani kilichokolea, gia nne. Verlin alizunguka na sumaku, ikanasa kila mahali. Akachomeka kioo kidogo na tochi pembeni mwa injini, akasoma namba, akaenda kusoma ya bodi, akarudi akasoma tena ya injini. Uso ulimbadilika. Nimemjua mtu huyu maisha yangu mazima ya utu uzima na sijawahi kumwona vile, hata siku watoto wake walipozaliwa.

"Ingia basi uiendeshe, baba," Bi Eunice alisema. "Ufunguo uko hapo hapo."

Akaingia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo niliona. Akaweka mguu juu ya klachi, akasukuma. Goti likafika lilipofika, pedali ikashuka nusu, ikakwama. Akashika usukani kwa mikono miwili, akasukuma tena kwa nyonga na mgongo, jasho likamtoka juu ya mdomo. Pedali ikamrudisha.

Akashuka, akapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Hakuna haja ya kuiendesha, mama," alisema. "Nimeshaona ninachotaka. Naichukua."

Njiani nilimwambia, "Shemeji, ile ya bluu unaweza kuiendesha."

"Ile ya bluu si yenyewe."

"Na hii utaifanyia nini?"

Akawasha redio. Ardith naye alikuwa akihesabu vitanzi vya ufumaji wake, na najua alikuwa akijifanya tu.

Gari likaletwa limepandishwa juu ya trela. Sasa, huyu Verlin ndiye aliyekuwa akiwacheka wanaosafirisha magari yao kwa trela, akiwaita wabeba malkia. Akalishusha gerejini kwa kulisukuma, mimi na Curtis tukisaidia. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kufungua mlango wa gereji asubuhi, kuliwasha likiwa halijatiwa gia, na kukaa kando yake kwenye kiti cha kukunja akilisikiliza likinguruma mahali pamoja. Jumamosi alikuja uwanjani na gari la kijivu kama zamani.

"Iko wapi?" watu walimwuliza.

"Kabureta inanisumbua."

Jumamosi iliyofuata, kabureta. Iliyofuata, kabureta. Hakuna mtu pale asiyejua Verlin anaweza kufungua na kufunga kabureta ile amefumba macho. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu mwenye adui asiyemcheka tena amekwisha.

Siku moja nilikuwa kwao mezani, tunakula viazi na soseji za Kipolandi, dada yangu akasema, "Niendeshe mimi, wewe ukae pembeni. Si tutafika?"

"Klachi ile si ya kujifunzia, mama Curtis. Utaichoma."

Nilifungua mdomo. Ardith akanikanyaga mguu chini ya meza, nikaufunga. Sisi tumelelewa kwenye shamba la viazi kule Munger. Mimi nilichoma klachi ya lori la baba mara mbili katika msimu mmoja wa mavuno, mzee akaninyang'anya ufunguo akampa dada yangu, naye aliliendesha lori lile limejaa mpaka alipoolewa. Verlin hajawahi kumwuliza, na yeye si mtu wa kujisemea. Katika nyumba yao magari yote yalikuwa otomatiki, hilo nalo Verlin hakuwahi kulisema uwanjani.

Basi Jumamosi moja tumekaa, tunakula aiskrimu, jua bado liko juu. Tuna mchezo wetu pale: gari likisikika mbali, ni mwiko kugeuka. Unafumba macho, unalitaja kwa sauti yake. Atakayekosea ananunua raundi. Sauti ikaanza kule upande wa reli, nzito, ikipanda.

"Mustang," Dwight akasema.

"Mustang shangazi yako," Verlin akamwambia, macho amefumba. "Hiyo ni Chevelle. Mia tatu tisini na sita. Gia za mkono." Akainua kidole. "Ya pili... ya tatu. Mnasikia? Hakusaga hata kidogo. Huyo si mtoto anayeendesha. Huyo ni dereva."

Mimi nilikuwa nimeshajua. Kabla ya kuingiza gia ya tatu dereva aliacha pumzi moja ipite, na mtu mmoja tu ninayemjua hufanya hivyo. Nikaangalia aiskrimu yangu.

"Ni ya nani?" Chet aliuliza. "Sijui Chevelle kama hiyo mjini, ukiacha yako."

"Hata mimi," Verlin akasema. Hakuwahi kulisikia likitembea.

Likaingia uwanjani, kijani kilichokolea, dada yangu akiwa nyuma ya usukani na miwani yake ya kufumia. Alishusha gia, akapita katikati ya viti vyetu, akasimama mbele ya mumewe bila kuzima injini. Verlin alifumbua macho, na kwa kitambo hakuwa mtu wa kutazamwa. Nilimwonea huruma waziwazi.

"Umeichukua bila kuniomba," alisema.

"Ndiyo."

"Ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana."

"Nani kakufundisha klachi?"

"Umenioa miaka arobaini na tatu, Verlin. Leo ndiyo unauliza?"

Chet ndiye aliyetuokoa. Akaenda akamfungulia Verlin mlango wa upande wa abiria, akaushika kama bawabu wa hoteli. "Haya mkulima, jembe lako hili. Panda kabla bibi hajabadili mawazo."

Verlin alienda kwanza upande wa dereva, kwa mazoea ya ndoto yake. Akasimama hapo, mkono juu ya paa. Ardith hakusogea. Akazunguka polepole kwa mguu ule mgumu, akaingia upande wa pili, akafunga mlango. Kwenye njia ya kutokea mkono wake ulinyooka kuelekea gia. Dada yangu akaupiga kofi.

Tangu siku ile wanakuja kila Jumamosi, Ardith akiendesha. Sumaku haitoki mfukoni siku hizi, na Dwight amenenepa. Lile la bluu lilinunuliwa na daktari wa meno. Tunamwona akipita nalo, kioo chini. Verlin hajaliendesha gari lake hata mara moja, wala hataliendesha.

Mwaka jana tulikuwa wawili gerejini nikamwuliza kama anajuta kutochukua lile la Monroe. Nilidhani atanitukana. Alikuwa akifuta bampa, akaendelea kufuta.

"Kila Jumamosi," akasema. "Nikifunga mkanda tu."

Kisha akaniomba, kwa jina langu, si kwa ushemeji, nisije nikamwambia Ardith.