Nilitaka wa Kubishana Naye Besiboli, Yeye Ametuma Mtu Kuniposa

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana nusu ya kanisa letu wanafuata ukurasa huu, na wengine wanajifanya hawaufuati.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mjane. Ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa naishi Marekani, Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, na watoto wangu wawili. Watoto wamekuwa Wamarekani kabisa. Nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, tena kifupi, macho kwenye simu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Kwangu kuna watu, lakini naweza kumaliza wiki nzima bila mtu kuniuliza mimi naonaje jambo lolote.

Besiboli nilifundishwa na bibi mmoja wa Kizungu wa mtaa wa Clintonville niliyekuwa namwogesha na kumpikia. Alikuwa hali mpaka nikae naye tusikilize mchezo redioni. Mwanzo nilikuwa nasinzia. Baadaye nikawa namkasirikia kocha hata kabla yake. Bibi alipofariki, nikabaki shabiki peke yangu. Nilimwomba mwanangu mkubwa tuwe tunaangalia wote, akanijibu kwamba huo ni mchezo wa wazee.

Sasa, kanisa letu lina laini ya maombi. Sisi wakimbizi tulitawanywa kila jimbo, kwa hiyo alfajiri wote tunapiga namba moja na kuomba kwa simu kabla ya kwenda kazini. Siku moja baada ya amina nilidhani watu wamekata, nikajisemea kwa sauti, "Na yule kocha jana alimtoa mrushaji mpira kwa nini, wakati alikuwa anarusha vizuri?"

Sauti ikanijibu, "Bon, alimutoa juu mukono ulikuwa umechoka. Weye mama haukuona?"

Alikuwa Baba Neema, Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini, naye kafiwa na mke, anafanya kazi ghalani huko Louisville. Kuanzia hapo tukawa tunabaki kwenye laini. Mzee mmoja wa kanisa, Mkongomani mwenzake aliyeko Buffalo, naye akawa anabaki, eti ni mwamuzi, kumbe anaipendelea timu ya Buffalo bila haya. Miji yetu yote mitatu ina timu za daraja la chini ya zile timu kubwa, na zinakutana.

Baba Neema alikuwa ananichokoza, "Donc, ninyi Columbus munalea batoto ya bengine. Mutu akishajua kurusha, timu kubwa inamubeba." Namwambia afadhali kulea kuliko timu yao kujaza watu wazima ambao magoti yameshaisha. Tuligombana kweli kweli. Ananiambia sijui kitu, namwambia yeye ndiye hajui, halafu naenda kazini nimechangamka mpaka wazee wangu wananiuliza nimepata habari gani njema.

Majira haya ya joto akaanza kukata simu pale pale baada ya amina. Nikadhani anaumwa. Nikadhani nimemkwaza, kwa sababu mara ya mwisho nilimwambia kichwa chake na cha kocha wao ni kimoja. Nikatuma ujumbe, kimya. Nililia, jamani, sioni haya kusema. Nililia ndani ya gari nje ya nyumba ya mteja, nikajifuta, nikaingia kazini.

Ndipo Mzee wa Buffalo akanipigia, sauti imebadilika, ya shughuli. "Mama, nimetumwa. Baba Neema anakuomba umukubali, akuoe."

Akanieleza kwamba kwa mila yao mwanaume akishatuma mtu, hasemi tena na mwanamke mpaka jibu litoke. Kwa hiyo ule ukimya ulikuwa heshima. "Namna mulikuwa munagombana," akasema, "bamama bote ba laini balishajua ni ndoa." Kumbe na wao walikuwa hawakati. Walikuwa wananyamaza tu na kutusikiliza.

Sikukasirika. Mtu mzima kukutaka si matusi, na Baba Neema ni mtu mwema. Nilikuwa karibu kusema nitafikiria. Lakini Mzee akaendelea, "Ila mukishaoana, ile mambo ya besiboli iishe. Mwanamuke kubishana na bwana yake, batu bakisikia, haina heshima."

Nikamuuliza, "Hayo kasema yeye, au unayasema wewe?"

Mzee akakohoa. "Ni vile inakuwaka, mama."

Hilo si jibu, lakini hakunipa lingine. Kumpigia Baba Neema mwenyewe siwezi. Nimeulizia kwa mama mmoja Mkongomani, akashika kinywa, akasema mwanamke akipiga simu kabla ya jibu anaonekana hana adabu, na anamwaibisha mwanaume mbele ya wazee wake. Na Mzee anataka jibu Jumapili.

Jana timu ya Louisville ilikuja kucheza hapa Columbus. Nilisikiliza redio ya gari kwenye maegesho ya nyumbani, peke yangu. Kocha wao akamwacha mrushaji wake mpaka mkono ukaisha, tukawapiga vibaya. Nilicheka kwa sauti. Nikashika simu nimwambie, nikakumbuka, nikairudisha mkobani. Ndani, watoto walikuwa kila mmoja chumbani kwake.

Najua mtaniambia nishukuru nimepata mwanaume mwenye kazi na hofu ya Mungu. Nashukuru. Lakini kuishi bila mume nimeshazoea. Mtu wa kuniambia sijui kitu, halafu akangoja nimjibu, huyo sijazoea kumkosa. Nikikataa, nimempoteza. Nikikubali, naogopa nitampoteza nikiwa naye nyumba moja.

Dada zangu, kaka zangu, hasa ninyi wa Kivu mnaoijua mila hii: nivunje adabu nimpigie, nisikie kwa kinywa chake kama kweli ananitaka nikiwa kimya?