Blanketi Jeupe la Faridah

Athman aliendesha malori ya Mombasa hadi Malaba miaka kumi na mitano, na hakubeba hata siku moja kitu cha kungojea balaa. Kwao, anayejiandalia mabaya ameyaita. Basi asubuhi ile, ughaibuni nyumbani kwao Ilford, alipoona mkewe amemfungashia mkobani koleo la kuzolea, tochi, tende, chupa ya chai na blanketi jeupe, moyo ulimpasuka. Blanketi lilikunjwa kama sanda.

"Faridah, unanichuria?"

"Wametangaza theluji, baba Rukia. Ukikwama je?"

"Haya, nitabeba."

Faridah alipotoka kwenda kazini, Athman aliusukuma mkoba nyuma ya mlango kwa mguu. Sikio la kufa hilo! Hata kwenye depo ya malori kule Hayes, madereva walipoambiwa wajaze matangi kwanza, yeye alitoka na dizeli ya kufika tu. Safari ya saa moja tu, bwana.

Saa sita mchana theluji ilifunga barabara. Kufikia saa kumi na moja magari hayajasogea, dizeli imekwisha, na joto la ndani ya lori limekwisha nayo. Vidole vya miguu viliuma, kisha vikaacha kuuma, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Alijifunika mpira wa kukanyagia. Alisoma kila sura aliyoijua. Lori la mbele lilikuwa linanguruma, lina joto, lakini mtu mzima aende kubisha aombe? Aliona haya. Usingizi ulimjia, naye alijua usingizi ule si wa kuamka.

Simu ikalia, chaji imebaki chembe.

"Baba Rukia, umekwama? Umejifunika?"

"Nimejifunika."

"Na chai umekunywa?"

"Nimekunywa, mke wangu."

"Alhamdulillahi. Mie ndiyo kwanza nafika nyumbani. Ngoja... mlango umegota kwenye kitu."

Athman alifumba macho. Akasikia mlango unasukumwa, kisha chupa ya chai ikigongana na koleo.

"Athman!"

Miaka ishirini ya ndoa, Faridah hakuwahi kumwita kwa jina. Kabla hajajibu, simu ilizimika.

Akafungua mlango, akashuka. Miguu haikumbeba. Alianguka kifudifudi, akaanza kutambaa kuelekea taa nyekundu za lori la mbele, akilia bila haya yoyote sasa.

"Blanketi," aliita. "Blanketi, jamani. Hata jeupe."