Sarafu za dhahabu za Mfaransa: yaliyoipata collection ya rafiki yangu Thika

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni mzee wa Ruiru, shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo anayetaka kunisahihisha Kiswahili aende zake. Haya nimeyaona kwa macho yangu.

Nyumba za kupangisha nilizonazo Gatongora nilijenga na mikono hii. Hobby yangu ni sarafu ndogo za dhahabu za Ufaransa, za wakati wa yule mfalme wa ndevu zilizochongoka.

Ndogo sana. Ile ya faranga tano ni kama kifungo cha shati.

Watu hucheka. Wacheke.

Aliyenifunza ni Gathogo, fundi wa saa pale Thika. Jumapili tukitoka kanisa tulikuwa tunakaa kwake na lenzi, tunatafuta ile herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilipigwa chapa mji gani. Zake alizitafuta maisha yote.

Familia haikujua. Sisi wa rika letu hatuonyeshi watoto mali. Wakijua, wanaanza kungoja ufe.

Alipougua, hospitalini alinishika mkono akasema, "Nikienda, waambie ni nini. Zisitenganishwe."

Nikakubali.

Akaenda. Lakini kwetu mali ya marehemu haitajwi kwa matanga. Ukiitaja, watu wanasema umekuja na gunia la kubebea. Hata mkishazika, unangoja familia ikuite.

So nilikaa nao, nikaimba, nikashika jembe kaburini na vijana. Mdomo nikafunga.

Siku waliyoniita, mjane wake, Mama Ngugi, alileta chai akiwa amevaa herini mpya. Nzito, za njano.

Nikaweka kikombe chini, nikaziangalia.

Vijana wake walikuwa wamepata mkebe wa zile sarafu nyuma ya masaa mabovu. Wakadhani ni vipande vya mapambo. Sonara mmoja akaziyeyusha zote, akamtengenezea mama yao herini za kumkumbuka baba.

Niliwaambia ukweli wote. Maneno sipaki asali.

Ngugi, kijana mkubwa, akasema dhahabu ni dhahabu, hakuna kilichopotea.

Nikamwambia, "Dhahabu iko. Baba yenu ndiye mmeyeyusha."

Mama yake akatoa zile herini polepole, akaziweka kwa sahani ya mkate, akanigeukia.

"Baba Wambui, kumbe ulijua? Matanga yote umekula chakula chetu, na ulikuwa unajua?"

Nikachukua kofia yangu, nikarudi Ruiru.

Jioni hiyo nilimwita mke wangu, nikamwaga sarafu zangu mezani. Nikaanza kumwonyesha mfalme, mwaka, ile herufi.

Aliokota moja, akaigeuza kwa kidole. Halafu akaniuliza, kama Gathogo hangekufa, ningemwonyesha lini.

Wakuu mnaoficha vitu, mwambie mtu wa nyumba yako ukiwa bado unaweza kuongea. Usimwachie rafiki kazi hiyo. Rafiki atakuwa ameketi kwa matanga, adabu imemfunga mdomo.

Sasa semeni: wewe ungeongea kabla ya kuzika? Hata matusi nitasoma.