Ufito wa Mzee wa Kipatimu

Jumanne iliyopita, kwenye yadi ya magari mjini Lindi, nilimwona mkulima mmoja wa Kipatimu akichagua gari la kuhimili milima ya kwao. Alikuja na mkewe, ambaye ni mgonjwa wa miguu, naye mwenyewe ameshika ufito mrefu mkononi.

"Hili limetoka ng'ambo, mzee wangu," alisema muuzaji, akilipiga bodi kofi. "Injini yake haichoki. Lile limeunganishwa hapa nchini. Kwa nguvu limezidiwa kidogo, ila vipuri vyake utavipata hata kwenye maduka ya Somanga."

Mzee hakufungua boneti hata moja. Aliulaza ufito ndani ya gari la ng'ambo, sehemu ya nyuma. Mlango ukakataa kufungika. Akaulaza katika lile la nchini, ukaingia wote.

"Unapima jeneza langu?" mkewe akauliza.

"Napima kitanda chako; ufito huu nimeukata kwa urefu wako. Masika yale walikubeba watu sita hadi barabarani, ukalia njia nzima."

Mkewe akausogeza ufito upande mmoja, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki.

"Basi hapa utakaa wewe, unishike mkono. Usije ukakaa mbele kupiga soga na dereva."

"Nitakaa hapo."

Wakachukua la nchini.

Miaka mingi nimebishana barazani kuhusu gari lipi bora, la nyumbani au la nje, nikitaja gia na springi kwa majina yake kamili. Siku ile nilirudi nyumbani, nikamtazama mke wangu, nikaona haya kidogo: sijui urefu wake.