Karatasi Iliyosubiri Stima

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani katika ofisi ya ushirika wa wakulima, nje kidogo ya mji wa Nyeri, upande wa barabara ya Kiganjo. Tulikuwa watu kumi na wawili na kompyuta tano. Kompyuta hizo zilifungwa na fundi kutoka Nairobi aliyekaa nasi wiki mbili. Alipokuwa anaondoka alitafuta mtu wa kumwachia kazi, akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimeandika kila alichosema kwenye daftari.

Daftari hilo ninalo hadi leo. Ukurasa wa kwanza una mchoro: waya mmoja mweusi, mnene kama penseli, unapita chini ya dari kutoka mashine hadi mashine kama kamba ya kuanikia nguo. Kila mwisho wa waya una kizibo kidogo cha chuma. Fundi alitukataza kukigusa. Ukikitoa, alisema, ujumbe unafika mwisho unagonga, unarudi, unakutana na mwingine njiani, na ofisi nzima inanyamaza. Mashine ya tano, seva, ilikaa katika chumba changu, kilichokuwa stoo ya magunia na bado kilinuka mkonge. Mafaili yote yalikaa humo. Mashine nyingine nne zilikuwa madirisha tu ya kuchungulia ndani ya seva.

Baada ya fundi kuondoka niliongeza mambo yangu. Niliandika namba ya kila mashine, ile iliyochapwa kwenye kadi inayoiunganisha na waya, ili kukitokea hitilafu nijue imeanzia wapi. Nikapanga nani anaruhusiwa nini. Mpiga chapa, kwa mfano, aliweza kuchapisha barua kwenye printa ndogo tu, iliyokuwa mezani nje ya mlango wa meneja. Printa kubwa ya ukumbini, ile ya karatasi ndefu zenye matundu pembeni, ilikuwa ya orodha za viwanda vya kahawa, na waliokuwa na ruhusa nayo ni meneja na mimi. Na kwa kuwa karatasi za watu zilikuwa zinachanganyika, nikaiamuru seva itangulize kila kazi kwa ukurasa mmoja wenye jina la aliyeituma, kwa herufi kubwa kama za bango. Nilijivunia sana ukurasa huo.

Kuhusu neno la siri, fundi alituambia kila mtu achague neno ambalo hawezi kulisahau. Tukachagua. Mimi nilichagua jina la binti yangu wa kwanza.

Sasa, mtu wa kwetu akisoma hapo atacheka. Mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake, anaitwa Mama Fulani. Neno langu la siri lilikuwa linatamkwa kwenye korido kila mtu aliponiamkia, aliponiitia chai, aliponipa kiti. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kasoro. Mimi mwenyewe sikuliona.

Lazima niseme pia hali ilivyokuwa. Watu walikuwa wanachukuliwa. Gari la kijivu lilikuwa linasimama nje ya shule au ofisi, wanaume wawili wenye makoti wanaingia kwa adabu, na mtu anatoka nao akiwa ameacha kikombe chake cha chai kinatoa mvuke. Malori ya makuruta wa polisi yalipita barabarani kwetu kila siku wakiimba, na hao hatukuwaogopa. Tuliogopa gari dogo lililopunguza mwendo. Mume wa mpiga chapa wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alichukuliwa mwezi wa tatu akiwa anafundisha hesabu. Kufikia Julai mke wake alikuwa bado hajaambiwa alipo. Alikuja kazini kila siku, akaandika barua zake bila kosa hata moja, na sisi tukazungumza naye kuhusu baridi.

Ijumaa moja ya Julai hiyo niliondoka mapema kumpeleka mtoto hospitali. Jioni stima ikapotea, taa zikazimika mji mzima.

Jumamosi tulikuwa tunafanya kazi hadi saa sita, meneja na mimi tu. Nilifika saa mbili na nusu, ukungu umeshuka hadi kwenye ua. Stima ilikuwa imerudi. Meneja alikuwa ameshafika, amesimama ukumbini na koti lake zito, anangoja orodha ya viwanda aende nayo mkutanoni Karatina.

"Mama, washa hiyo mtambo yako," alisema. "Nimengoja hadi miguu imekufa."

Niliiwasha seva. Ilichukua dakika kadhaa kuamka. Nikiwa bado chumbani mwangu nikasikia printa kubwa ikianza kukwaruza. Nikashangaa, kwa sababu sikuwa nimetuma kitu. Halafu nikakumbuka foleni. Ukituma kazi kwa printa haiendi moja kwa moja, inaandikwa kwanza ndani ya seva isubiri zamu yake. Stima ikipotea, kazi ambayo haijatoka inabaki palepale. Stima ikirudi, inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilipofika ukumbini meneja alikuwa ameshaichana karatasi na anaisoma. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika rangi namna ile.

"Hii ni nini? Ati hii ni nini?"

Ilikuwa ukurasa mmoja. Majina ya walimu tisa, shule zao, siku waliyochukuliwa. Chini yake mistari michache ikiuliza wako wapi, nani aliwachukua, na kwa nini wananchi wananyamaza. Kwa siku zile, kukutwa na karatasi hiyo tu kulitosha.

"Sijaiandika mimi, mkubwa."

Akaniwekea ukurasa wa mbele machoni. "Na hii? Jina yako iko hapa juu. Kubwa hivi. Si wewe ulisema hiyo mashine haiwezi danganya?"

Ni kweli nilikuwa nimesema hivyo. Nilimwambia Ijumaa mchana sikuwepo. Akasema anajua sikuwepo, lakini hao watu wa gari la kijivu hawatamuuliza anachojua, watamuuliza karatasi inasema nani. Aliongea kwa kunong'ona ingawa tulikuwa wawili tu, na askari wa lango alikuwa mbali nje.

"Sikiza, Mama. Mimi niko na watoto sita. Nikinyamaza na ijulikane, naenda na wewe. Saa sita nikifunga hii ofisi, nitakuwa nimepiga simu. Utaniletea mwenye alifanya hii kitu, ama nitawapea jina yenye iko kwa karatasi."

Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango.

Nilirudi kwenye stoo yangu na kufanya kile ambacho ningefanya kwa hitilafu yoyote. Seva ilikuwa inaweka rekodi ya kila anayeingia: jina, saa, na namba ya mashine aliyotumia. Nikaifungua. Ijumaa, jioni, jina langu, na namba ya kadi. Nikafungua daftari nikashusha kidole kwenye orodha. Mashine ya tatu. Chumba cha mpiga chapa.

Nadhani nilikuwa nimejua kabla ya kutazama. Jina la mumewe lilikuwa la nne kwenye ile orodha ya walimu.

Niliielewa njia yake yote, kwa sababu mimi ndiye niliyeichora. Kwa jina lake mwenyewe angeweza kuchapisha mlangoni kwa meneja tu. Kwa jina langu aliweza kuchapisha ukumbini, mahali ambapo Ijumaa jioni hapakuwa na mtu. Neno la siri alikuwa nalo mdomoni tangu siku tuliyofahamiana. Kisha stima ikapotea, akadhani kazi yake imekufa pamoja na taa.

Jumamosi hakuwa anakuja kazini. Sikuwa na wa kumuuliza. Nilikuwa na daftari na ile rekodi, mistari miwili ambayo ningeweza kuichapisha na kuipeleka mlango wa pili. Saa sita jina litakalotajwa kwenye simu lingekuwa lake, si langu. Nitasema ukweli: niliichapisha. Nilikaa nayo mapajani. Nilimfikiria binti yangu akitoka shule Jumatatu na kukuta nyumba imefungwa. Nikamfikiria na mpiga chapa, ambaye watoto wake wawili tayari walikuwa bila baba.

Nilipoangalia saa ilikuwa tano na robo, na jambo lililonijia lilitoka kwenye matanga. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika mama yake meneja kule Mukurwe-ini, ofisi nzima. Wasifu wake ulisomwa kaburini. Na kwetu binti wa kwanza wa mwanamume huitwa kwa jina la mama yake huyo mwanamume. Haina mjadala. Ukijua jina la bibi, unajua la mjukuu, na nilidhani meneja naye, kama mimi, alichagua la binti yake.

Nilibisha mlango. Alikuwa amekaa na ile karatasi mbele yake na mkono juu ya simu.

"Umeleta jina?"

"Naomba nikuonyeshe kitu kwa mashine yako. Usiguse. Nitaandika mimi."

Niliandika jina lake. Palipotaka neno la siri nikaandika jina la marehemu mama yake. Mashine ikafunguka kwa jaribio la kwanza: barua zake zote, mafaili yake yote. Nikaandika herufi chache zisizo na maana, nikazituma printa kubwa, nikaenda ukumbini nikarudi na ukurasa wa mbele. Nikaulaza juu ya meza kando ya ule wangu. Jina lake, kubwa kama bango.

Alizitazama zote mbili.

"Nani amekwambia neno yangu?"

"Hakuna, mkubwa. Tulikuwa Mukurwe-ini wote."

"Wewe! Unanitisha?"

"Mimi mwenyewe naogopa. Nakuonyesha tu kwamba jina lililo juu ya karatasi si la mtu. Yeyote aliyekuwa kwenye matanga angeweza kuituma ikatoka na lako. Ukiwapigia simu watauliza hii mitambo inafanya kazi vipi, na mimi nitawaambia."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema hivyo. Aliondoa mkono kwenye simu, akajifuta uso kwa leso.

"Lakini unajua ni nani."

"Sijui."

"Mama."

"Sijui, mkubwa."

Alikuwa mvutaji. Alichukua kiberiti, akaichoma ile karatasi kwenye kibakuli cha majivu, halafu ukurasa wenye jina langu, halafu wenye lake. Akafungua dirisha, ukungu ukaingia.

"Kwa mashine imebaki?"

"Kwenye rekodi."

"Futa. Futa hiyo siku yote."

Nilifuta. Na ile niliyokuwa nimeichapisha, yenye namba ya mashine ya tatu, niliitia kwenye jiko nyumbani.

Jumatatu nilimfuata mpiga chapa chumbani mwake, nikafunga mlango. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba kazi ikitumwa stima ikapotea, inangoja ndani ya seva, na kwamba ile yake ilitoka Jumamosi asubuhi. Alishika ukingo wa meza.

"Nani aliona?"

"Meneja na mimi. Imechomwa. Rekodi nimefuta. Hajui ni wewe."

Akaanza kulia bila sauti. Alisema alitaka kuchapisha moja tu akaitolee nakala mjini, na ule ukurasa wenye jina langu angeuchoma kabla haujaonwa na mtu. Akaniomba msamaha mara nyingi. Halafu akajifuta, akaniangalia.

"Na ile ingine?"

"Ipi?"

"Nilituma mara mbili, Mama. Ya kwanza sikusikia printa ikilia, nikabonyeza tena. Nikaenda kuangalia, stima ikapotea nikiwa kwa mlango wa ukumbi. Ikawa giza. Askari akaniambia nitoke afunge."

Nilikwenda kwenye seva, nikaitazama foleni. Ilikuwa tupu. Jumamosi ilikuwa imetoka nakala moja, niliisikia mwenyewe. Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa imetoka Ijumaa, kabla ya giza, na ilikaa kwenye printa usiku kucha ikiwa na jina langu juu. Na rekodi pekee ambayo ingeonyesha kwamba haikutumwa kutoka mashine yangu nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu.

Waliokuwa na ufunguo wa ukumbi walikuwa watatu: mimi, askari wa lango, na meneja. Jumamosi meneja alifika kabla yangu. Kama aliikuta yeye, basi aliichoma moja mbele ya macho yangu akijua nyingine iko mahali salama.

Hakuna aliyekuja. Nilibadilisha maneno ya siri ya ofisi nzima, nikakataza majina ya watu, na watu wakanung'unika kwamba nimekuwa mkali. Mwalimu aliachiliwa mwaka uliofuata, amekonda, akahama na familia yake kwenda upande wa Doldol. Askari alistaafu akafungua duka Kiganjo, nikawa nanunua sukari kwake na kumtazama machoni anapofunga karatasi. Meneja alibaki mkubwa wangu miaka sita. Hakuligusia jambo lile hata siku moja. Kila aliponiita ofisini kwake nilivaa koti kwanza, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba huko wanakopelekwa watu ni baridi.

Alipostaafu nilipewa kazi ya kukagua makabati yake kabla ya mkubwa mpya kuingia. Nilifunga mlango kwa ndani. Nilitoa kila faili, nikafungua kila barua, nikakung'uta kila kitabu. Ile nakala haikuwemo. Nikakaa sakafuni kidogo, halafu nikarudi kwenye droo ya juu nikaanza tena.